Siri ya Kutoachwa na Kundi la Baiskeli

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, kisha hao hao wakageuka wakasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa muda mrefu nilijiuliza tushike lipi tuache lipi. Mwaka huu nimepata jibu, nami sikulipata darasani bali juu ya tandiko la baiskeli, katika barabara ya kutoka Nyamasaria kwenda Ahero. Ndugu msomaji, sogea karibu nikusimulie, kisha nikufunze nilivyofunzwa, ili usije ukaadhirika kama nilivyoadhirika mimi.

JINSI NILIVYOACHWA

Kila Jumamosi saa nane mchana, waendesha baiskeli wapatao 15 hukusanyika Nyamasaria, pembeni mwa mji wa Kisumu. Wengine ni vijana wa boda boda, wengine mafundi wa jua kali, wawili ni walimu. Kiongozi wao ni fundi mmoja mzee wa baiskeli ambaye sote humwita Babu. Huelekea Ahero, hupita mashamba ya mpunga, hufika Awasi, kisha hugeuza na kurudi. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 60. Tena hawaendi matembezi! Kwenye tambarare ya Kano kasi yao ni kama kilomita 30 kwa saa.

Mimi nilijiona fahali. Kila siku ya shule huendesha kilomita 11 asubuhi na 11 jioni kwa ile baiskeli nyeusi nzito tuiitayo 'black mamba', ambayo uzani wake haupungui sana kilo 20. Nikamwendea Babu nikamwambia nataka kufuatana nao. Alinitazama miguu, akalitazama tandiko langu, akasema, "Haya, twende. Lakini barabara haina mama, kijana."

Kwenda kulikuwa kutamu ajabu. Nilifika Awasi nikiwa miongoni mwa watano wa mbele, nikicheka na kupiga gumzo. Nikawaza, kumbe hawa watu ni maneno matupu! Sikujua kwamba kilichonibeba hakikuwa miguu yangu. Ulikuwa upepo.

Tulipogeuza kurudi, ndipo nilipouona mlango wa dunia. Upepo uliokuwa mgongoni sasa ulinipiga kifuani. Nilikuwa nyuma kabisa ya kundi. Kwenye matuta ya soko la kwanza kila mtu alipunguza mwendo, kisha walio mbele wakachapuka tena. Nikabaki nyuma mita mbili. Mita mbili zikawa kumi, kumi zikawa hamsini, na punde migongo yao ikawa kama nukta barabarani.

Badala ya kupunguza mwendo nilizidi kukanyaga kwa hasira. Hapa leo ni leo, nikasema, msema kesho ni mwongo. Karibu na Ahero macho yalianza kuona vimulimuli, mikono ikatetemeka, baiskeli ikayumba kuelekea katikati ya barabara. Nilisikia honi ya lori ikilia nyuma yangu kama mbiu ya kiama. Sijui niliukataje usukani, lakini nilijikuta nimelala kwenye nyasi, gurudumu la mbele likizunguka hewani. Mama mmoja muuza mahindi alinipa chai yenye sukari nyingi na akakataa kata kata kulipwa.

Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Mama yangu alikuwa amesimama kando ya barabara na tochi mkononi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama vumbi na damu ya goti, akasema, "Mwanangu, baiskeli hii ndiyo nauli yako ya shule. Ikivunjika, au ukivunjika wewe, nitakupeleka shuleni na nini? Kundini hutarudi mpaka huyo Babu wenu aje hapa, aketi kwenye kiti hiki, aniambie kwa kinywa chake kwamba hutaachwa tena peke yako barabarani."

Kesho yake nilimpelekea Babu ujumbe huo huku nimeinamisha kichwa. Alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Mama yako ana haki. Nipe wiki kumi. Fanya nitakalokwambia, wala usiongeze lako." Yafuatayo ndiyo aliyonifunza, pamoja na maelezo niliyoyapata kwa walimu wetu wa Fizikia na Baiolojia nilipowasumbua kwa maswali.

SOMO LA KWANZA: ADUI NI UPEPO, WALA SI UMBALI

Mchana jua huipasha nchi kavu ya Kano joto haraka kuliko linavyoyapasha maji ya Ziwa Viktoria. Hewa ya nchi kavu ikipata moto hupaa juu, na hewa baridi ya ziwani huja mbio kuziba nafasi yake. Ndiyo maana alasiri upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Anayekwenda Awasi husukumwa, na anayerudi hupigana.

Sasa sikiliza hesabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa inayokuzuia huongezeka mara nne, na kazi unayotakiwa kuifanya kila sekunde ili kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane. Kwa hivyo kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 30 si jambo dogo hata kidogo. Ni kilomita tano tu za ziada, lakini kazi ya kuipasua hewa huongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Aidha, upepo ukiwa unakuja mbele hesabu huwa mbaya zaidi, maana upepo nao hujumlishwa na mwendo wako.

Mungu si Athumani, dawa ipo. Mtu anayeendesha karibu na nyuma ya mwenzake hupata kivuli cha upepo, na huweza kuokoa robo au hata theluthi ya nguvu zake. Hii ndiyo sababu kundi huenda kasi kuliko mtu mmoja. Ndiyo sababu pia anayeachwa mita kumi tu ni kama ameachwa maili moja. Amepoteza kivuli, na sasa anatakiwa kwenda kasi kuliko kundi, akiwa peke yake, ndipo alifikie. Hawezi. Mimi sikuweza.

SOMO LA PILI: KASI HUJENGWA SIKU ZA POLE

Jambo la kwanza ambalo Babu aliniuliza ni jinsi ninavyotoka shule jioni. Nikamjibu kwa majigambo kwamba kila jioni hupambana na upepo wa ziwa mpaka nyumbani bila kupumzika. Akacheka. "Ndiyo maana huendelei," akasema. "Kila siku unakimbia nusu. Hupumziki, wala hukimbii."

Mwalimu wa Baiolojia alinifafanulia vyema. Ukiendesha pole kwa muda mrefu, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo inayoitwa kapilari huongezeka kwenye misuli ya miguu. Ndani ya seli, mitokondria, ambayo ni kama majiko ya kuchomea chakula kwa oksijeni, huongezeka pia. Mambo hayo hujengwa kwa miezi, tena hayajengwi wakati unapoendesha. Mwili hujenga wakati umelala. Mazoezi ni kama kuagiza matofali, na usingizi ndio fundi mwashi. Ukiagiza matofali kila siku na fundi humpi nafasi, utakuwa na lundo la matofali na huna nyumba.

Sasa utajuaje kwamba unaenda pole? Wenye pesa wana vyombo vya kuhesabia mapigo ya moyo. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna mizani! Nilitunga kipimo changu mwenyewe nacho hakijaniangusha. Chukua mshororo wa tarbia wenye mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, kisha ughani ukiwa juu ya baiskeli.

Ukiweza kughani mshororo mzima wa mizani 16 kwa pumzi moja, huo ni mwendo wa pole. Ndio wa siku nyingi.

Ukilazimika kuvuta pumzi baada ya ukwapi, yaani kila mizani nane, huo ni mwendo wa kati. Uogope, maana huchosha sana na faida yake ni ndogo kwa anayefanya hivyo kila siku. Hapo ndipo nilipokuwa nikiishi mimi.

Ukiweza kutoa neno moja moja tu kama mgonjwa wa pumu, huo ni mwendo wa moto. Una siku zake, nazo ni chache.

Babu aliniamuru kwamba katika kila siku tano za kuendesha, nne ziwe za kughani mshororo mzima. Jamani, haikuwa rahisi! Jioni upepo ukivuma nilipitwa na wazee wenye magunia ya mkaa kwenye keria. Nilipitwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, naye akanipigia kengele ya kunidhihaki. Nilimeza uchungu, nikaendelea kughani.

SOMO LA TATU: SIKU ZA MOTO

Kwa wiki nne za kwanza sikuruhusiwa moto wowote. Kuanzia wiki ya tano nilipewa Jumanne moja, na kuanzia wiki ya saba Alhamisi ikaongezwa, lakini Alhamisi hiyo ilikuwa fupi sana.

Jumanne nilipotoka shule niliukabili upepo wa ziwa kwa dakika nne za mwendo wa neno moja moja, kisha dakika tatu za pole. Nilirudia hivyo mara nne, basi. Kano haina milima, kwa hivyo upepo ndio mlima wetu. Zoezi hili huufunza moyo na mapafu kufanya kazi karibu na kikomo chake.

Alhamisi ilikuwa ya kuchapuka. Sekunde 20 za kukanyaga kwa nguvu zote, dakika mbili za pole, mara nane. Kwa nini? Kumbuka matuta! Kundi haliendi kwa kasi moja. Kila penye tuta, soko au kona, walio mbele hupunguza mwendo, na walio nyuma hukaribia kuwagonga. Kisha walio mbele huondoka, na wa mwisho hulazimika kukimbia sana ili kuziba pengo. Kundi hujivuta na kujikunja kama jongoo, na mkia ndio huteseka. Kwa hakika mimi sikuachwa kwa sababu sikuweza kwenda kilomita 60. Niliachwa kwa sababu sikuweza kuchapuka sekunde 20 nikiwa nimechoka.

Asiye na saa asijali. Ahesabu nguzo za stima. Nenda kwa moto nguzo kadhaa, pumzika nguzo mara tatu ya hizo, na uongeze kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi nilienda peke yangu kwa mwendo wa pole, saa mbili mwanzoni, zikapanda hadi saa tatu. Jumapili nilipumzika kabisa. Kila wiki ya nne nilipunguza mazoezi yote karibu nusu ili fundi mwashi amalize kazi yake.

Asubuhi kabla ya kuondoka kitandani nilihesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Wiki ya kwanza yalikuwa 78. Wiki ya kumi yalikuwa 66. Siku ambayo yalipanda ghafla, nilijua nimechoka au naumwa, na moto wa siku hiyo niliufuta. Niseme pia kwamba aliye na ugonjwa wa moyo au wa pumu amwone daktari kwanza, asije akafa kifo cha methali.

SOMO LA NNE: CHOMBO CHENYEWE

Siku ya kwanza Babu aliliangalia tandiko langu, nami nikadhani anaona vumbi. Kumbe lilikuwa chini mno! Kaa kwenye tandiko, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Basi ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litajikunja kidogo tu, na hiyo ndiyo sawa. Aliliinua tandiko langu kwa upana wa vidole vitatu na maumivu ya magoti yakaisha wiki hiyo hiyo.

Jaza tairi vizuri, maana tairi laini hula nguvu. Safisha mnyororo na uutie mafuta. Na ujue hesabu ya baiskeli yako. Yangu ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli huenda mita 5.4 hivi. Kilomita 30 kwa saa ni mita 500 kwa dakika. Gawanya, utaona kwamba miguu yangu inatakiwa kuzunguka kama mara 93 kila dakika. Mimi nilizoea 65! Ilinibidi niizoeze miguu kuzunguka upesi na kwa wepesi badala ya kukandamiza kama anayeponda mawe.

SOMO LA TANO: TUMBO NA MAJI

Wale vimulimuli niliowaona karibu na Ahero hawakuwa wachawi. Siku ile nilikunywa chai kavu asubuhi, nikapita chakula cha mchana. Misuli na ini huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na ukiendesha kwa nguvu akiba hiyo huweza kukauka katika saa moja na nusu au mbili. Ikikauka, miguu hugoma na hata kichwa huzunguka.

Sasa Jumamosi hula nyoyo au ugali na omena saa tatu kabla ya safari, si dakika kumi kabla. Mfukoni hubeba ndizi mbivu mbili na kipande cha mandazi, nami hula kila nusu saa hata kama sina njaa. Ukingoja njaa umechelewa. Maji hubeba chupa mbili, kwa sababu jua la alasiri la Kisumu si la mzaha. Chupa moja huitia sukari na chembe za chumvi. Usiku hulala mapema. Mama alishangaa mno kuona taa ya chumba changu imezimwa saa nne.

SOMO LA SITA: ADABU YA KUNDI

Nguvu bila adabu ni hatari. Shika upande wako wa kushoto. Kaa karibu na gurudumu la aliye mbele, lakini anayeanza aache nafasi ya mita moja mpaka azoee. Usilitumbulie macho gurudumu hilo. Tazama juu ya bega la mwenzako uone yajayo. Kamwe gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako, kwani mkigusana utaanguka wewe. Usifunge breki ghafla. Ukiona shimo, lionyeshe kwa mkono. Upepo ukitoka upande mmoja, kaa upande wa pili wa mwenzako. Usikae mkia ikiwa u mgeni, bali kaa katikati ambako matuta hayaumi sana. Kofia ngumu vaa, na nguo yenye rangi inayoonekana.

Wengi watasema mambo haya ni ya Wazungu. Si kweli! Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na alipokuwa kijana alifunzwa na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Mnamo 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mashindano hayo hayo na kuvaa fulana ya kijani ya mwenye alama nyingi. Nao mwaka wa 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kuendesha baiskeli tunaweza. Kilichotupungukia wengi wetu ni mafunzo.

SIKU YA KURUDI

Wiki kumi zilipokwisha, nilijipima asubuhi isiyo na upepo. Zile kilomita 11 za shule, ambazo mwanzoni ziliniondolea dakika 31, nilizimaliza kwa dakika 25. Nikaenda kumwita Babu.

Alikuja, akaketi kwenye kile kiti, akapewa chai. Mama akamwuliza waziwazi, "Je, hataachwa?"

Nilimwombea kimoyomoyo aseme hapana. Babu akaweka kikombe chini. "Mama, sitakudanganya. Kuachwa anaweza kuachwa. Hata mimi huachwa. Lakini sasa akiachwa anajua kupunguza mwendo, kula na kurudi salama. Na sisi nasi tumefunzwa. Siku ile kosa kubwa lilikuwa langu, maana nilimwacha mtoto wa watu barabarani. Tumeweka sheria. Anayeachwa, mmoja hurudi nyuma kukaa naye mpaka nyumbani."

Mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwongezea chai. Hapo nikajua nimeruhusiwa.

Jumamosi hiyo kwenda nilikaa katikati, sikupiga gumzo. Kurudi, upepo ukavuma kama kawaida na kasi ya kundi ikashuka. Kwenye matuta ya Rabuor pengo likafunguka mbele yangu, mita mbili, zile zile za mwanzo. Moyo ulinipiga paa! Nikakumbuka Alhamisi zangu. Nikainuka kwenye pedali, nikahesabu hadi kumi na tano, nikajikuta tena kivulini mwa mwenzangu. Hakuna aliyeona. Kwangu mimi ilikuwa kama nimeshinda kombe.

Lakini usidhani hadithi iliisha kwa sifa. Karibu na mwisho zamu yangu ya kukaa mbele ilifika, dakika moja tu. Kwa kiburi nikaongeza kasi ili wote waone. Nikasikia Babu akifoka nyuma, "Wewe! Unavunja kundi!" Nilipogeuka nikaona wawili wameachwa, mmoja wao ni yule mwalimu mwenye mvi. Nilitahayari. Anayekaa mbele hatakiwi kuongeza mwendo. Hutakiwa kuushika mwendo ule ule ili wengine wapumzike, kisha ampishe mwenzake. Nguvu nilizopata si za kuwaacha watu.

Wiki mbili baadaye alikuja yule kijana wa kidato cha kwanza aliyenipigia kengele. Kwenda, alikuwa mbele akicheka. Kurudi, kwenye matuta yale yale, alibaki mita mbili, kisha kumi. Babu alinitazama tu. Nikapunguza mwendo, kundi likaenda, nikamngoja. Alikuwa karibu kulia. Nikampa ndizi, nikamwambia akae nyuma yangu, na nikamfunza ubeti wangu wa kupimia mwendo:

Nakanyaga taratibu, pumzi isinikate,
Mbele yangu kuna babu, gurudumu nifuate,
Sikimbilii ajabu, kasi nije niipate,
Nyuma nikiona tabu, wenzangu wasiniate.

Mwanzoni aliweza neno moja moja tu. Tulipofika Nyamasaria, jua likizama upande wa ziwa, alikuwa akighani mshororo mzima kwa pumzi moja.

Basi ndugu msomaji, zile methali mbili hazipingani hata kidogo. Mwenda pole siku nne ndiye asiyechelewa siku ya tano. Penye nia pana njia, na aliyeachwa jana anaweza kuwa wa kumngoja mwenzake kesho. Aliye na baiskeli na aje Jumamosi saa nane, lakini kwanza aombe ruhusa nyumbani. Nakoma hapa. Chama chetu cha Kiswahili kidumu!